Jaruba, mtungi wa kuzikwa, matone au vyungu vya darini: ipi inafaa kwa bustani ya Lamu?

Anayetaka kulima bustani Lamu akatafuta maelekezo ya kilimo cha sehemu zenye jua kali, mara nyingi huangukia maarifa ya watu wa jangwani: wakulima wa Arizona huko Marekani, wa Oman au wa Negev huko Israeli, waliozoea kupanda mboga mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Maarifa hayo ni mazuri, na karibu njia zote zitakazolinganishwa hapa zimepata sifa huko. Hata hivyo Lamu si jangwa. Hupata karibu milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka, ila sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka katika masika, kati ya Aprili na Juni, Mei ukiwa ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kisha kaskazi ikishika, kuanzia Januari hadi Machi, mchanga hukauka kana kwamba haukuwahi kunyeshewa. Swali la mwenye bustani, basi, ni njia ipi ya jangwani inayoweza kustahimili miezi mitatu ya ukame, wiki kadhaa za mvua kubwa na maji ya kisima yenye chumvi, yote katika mwaka mmoja na katika kiwanja kimoja.

Tofauti nyingine ni hewa. Mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona, mwaka 2023 ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Lamu haijui joto la namna hiyo, kwa kuwa bahari huizuia hari ya mchana isipande mbali. Lakini bahari hiyohiyo huuzuia usiku usipoe, na huijaza hewa unyevu ambao jangwani haupo. Mmea wa Lamu hauungui kwa hewa kavu kama ule wa Phoenix, ila majani yake yakiloweshwa jioni hukawia kukauka, na ukungu huyavamia. Kwa sababu hiyo mpira wa kunyunyizia kutoka juu nauweka kando tangu mwanzo: hupoteza maji, huacha chumvi juu ya majani, na hukaribisha ugonjwa. Zinabaki njia nne, nazo ni jaruba la kuzama, mtungi wa udongo unaozikwa, mipira ya matone, na vyungu vinavyowekwa darini, yaani juu ya paa bapa la nyumba, au katika kiwanda cha ndani, yaani uwanja ulio wazi katikati ya nyumba.

Maji yaliyopo kabla ya njia

Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha juu ya vilima hivyo huzama, nayo huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Wataalamu wa maji ya ardhini hukadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hufurahisha ikisomwa upande mmoja na hutisha ikisomwa upande wa pili, maana maji ya kisima yakivutwa hadi usawa wake ukashuka kwa mita 1, basi kinadharia mpaka wa chumvi hupanda kwa mita 40. Ndiyo maana sikuihesabu bustani ya nyasi inayomwagiliwa kwa pampu alasiri nzima kuwa miongoni mwa njia za kulinganishwa. Kisiwani ni anasa inayolipiwa na jirani mwenye kisima.

Chumvi ndiyo inayoamua mashindano haya, kuliko jua na kuliko upungufu wa mvua. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilitoa mwaka 1985 jedwali la kiasi cha chumvi katika maji ya kumwagilia ambacho kila mmea unaweza kukivumilia kabla mavuno hayajaanza kupungua. Kipimo hutolewa kwa desisimensi kwa mita, na husomwa kwa kifaa kidogo chenye umbo la kalamu ambacho mtu hukichovya ndani ya gilasi ya maji. Maharagwe huanza kudhoofika maji yakipita 0.7, vitunguu 0.8, pilipili 1.0 na nyanya 1.7, ilhali mtende huvumilia hadi 2.7 na kunde hadi 3.3. Zingatia kwamba 0.7 ni sawa na takribani miligramu 450 za chumvi katika lita moja, na Shirika la Afya Duniani huyahesabu maji yaliyo chini ya miligramu 600 kuwa yenye ladha nzuri ya kunywa. Maana yake ni kwamba ulimi hautoshi. Maji ambayo mtu anayanywa bila kuhisi lolote yanaweza kuwa yameshaanza kuyapunguza maharagwe yake, naye akalaumu mbegu.

Kwa hiyo kabla ya kununua mpira au mtungi, pima maji ya kisima mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa kaskazi, yanapokuwa mabaya kuliko wakati wowote, na baada ya masika. Akiona tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili, mkulima atajua kwamba bustani yake inahitaji maji ya mvua ya kuchanganya, na hapo mababu walikuwa wametutangulia, kwa kuwa jabia za visiwa vya Lamu, yaani matangi ya kukinga mvua, na mabirika ya misikiti na ya nyumba yalijengwa kwa mahitaji ya namna hiyo. Dari yenye eneo la mita 50 za mraba hupokea lita 1,000 mvua ya milimita 20 inapoiangukia. Ukiziacha za mwanzo zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, zinabaki kama lita 800 zisizo na chumvi ya kuhesabika.

Jaruba la kuzama na mtungi wa udongo

Jaruba la kuzama ni kitanda ambacho uso wake uko chini ya ardhi inayokizunguka. Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico huko Marekani, wamelima hivyo kwa karne nyingi, wakigawanya shamba katika vyumba vidogo vya mraba vyenye kingo za udongo, kila chumba kikihifadhi maji yake na kuikinga miche na upepo. Lamu, faida ya upepo ni kubwa kama faida ya maji, hasa upande wa Shela unaotazama bahari kuu, ambako kusi hubeba matone ya maji ya bahari na kuyapaka juu ya kila jani lililosimama wazi. Mche uliozama kiasi cha shibiri moja, ukazibwa kwa ua wa makuti upande wa kusini na mashariki, huokoka siku ambazo jirani yake aliye juu ya tuta ananyauka kingo za majani.

Tuta lenyewe ndilo linalofundishwa sana, na linafaa mahali penye udongo mzito na mvua ya kutosha. Penye mchanga na maji ya chumvi, tuta hufanya kinyume cha kile kinachotakiwa: hukauka pande zote, na maji yanapopanda kuelekea kileleni na kugeuka mvuke, chumvi hubaki kileleni, mahali hasa ulipopanda. Wiki chache za kaskazi zikipita utaona ganda jeupe. Katika jaruba, chumvi hiyo hukimbilia kwenye kingo, ambako hakuna kilichopandwa, na maji yanayojazwa huisukuma iliyobaki iende chini.

Kulichimba ni kazi ya siku moja. Ondoa mchanga hadi kina cha sentimita 40, tandika chini tabaka la makumbi ya nazi, kisha rudisha mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, mpaka uso wa kitanda ubaki kama sentimita 12 chini ya ardhi. Samadi ya punda, ambayo Lamu haijapata kuwa na uhaba wake, ni nzuri, lakini ikae rundoni kwa miezi kadhaa ikifunikwa na kuloweshwa, la sivyo mbegu za magugu alizozila punda zitaota kabla ya mchicha. Makumbi nayo yachaguliwe. Yale yaliyofukiwa katika matope ya ufukoni kwa ajili ya kusokotwa kamba yamenyonya chumvi ya bahari, na hata yakioshwa mara kadhaa siyaamini. Chukua makavu kutoka shambani. Mwisho funika uso wote kwa matandazo ya makuti yaliyokatwakatwa, kwa sababu mchanga mtupu chini ya jua la saa sita unaweza kuunguza shina la mche.

Udhaifu wa jaruba ni kiu yake. Mita 1 ya mraba ya bustani, chini ya jua la kaskazi na upepo wake, inaweza kudai kama lita 5 kwa siku. Jaruba la mita 4 za mraba humaliza jerikeni la lita 20 kila siku, na juu ya hizo inafaa kuongeza sehemu ya sita au ya tano ya maji kwa ajili ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Anayebebewa maji kwa punda atahesabu gharama hiyo upesi. Udhaifu wa pili ni masika. Mchanga wa Shela hunywa mvua yoyote, lakini katika kiwanja cha mjini kilichojaa kifusi cha chokaa na mawe ya matumbawe yaliyoshindiliwa, jaruba hugeuka dimbwi kwa siku kadhaa na mizizi huoza. Mwenye kiwanja cha aina hiyo afanye jaribio kwanza: achimbe shimo la kina cha mkono, amwage ndoo moja, na kama maji yako palepale baada ya kuswaliwa sala mbili, aache wazo la jaruba.

Mtungi wa kuzikwa hutatua tatizo la kiu kwa njia ambayo mimi naipenda kuliko zote, ingawa si ya kila mtu. Ni mbinu iliyoandikwa China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hadi leo hutumika sehemu kavu za Uhindi na kwingineko. Mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala kung'arishwa huzikwa hadi shingoni, hujazwa maji, na maji hayo hutoka polepole kupitia vinyweleo vya udongo kulingana na jinsi mchanga wa nje ulivyokauka. Mchanga ukiwa umelowa, maji hupunguza kasi. Mizizi ikiyanyonya, huongezeka. Hakuna koki wala saa ya kupanga. Usawa wa juu wa mchanga hubaki mkavu, kwa hiyo magugu ni machache na kinachogeuka mvuke ni kidogo sana.

Katika kununua, usitazame uzuri. Jaza mtungi maji usiku na uutazame asubuhi: ubavu wake uwe na unyevu kote, bila kuchuruzika. Uliochomwa mno ukalia kama kengele ukigongwa mara nyingi haupitishi kitu, na wenye ufa utamwaga yote kwa saa moja. Uzike shingo ikiwa vidole viwili juu ya ardhi ili mchanga usiingie, na uufunike kwa kifuu kikubwa kilichogeuzwa, ambacho huzuia mbu wasitage na mijusi wasizame. Penye mchanga maji hayasambai mbali kwa ubavu, kwa hiyo kunde, bamia au mitango ipandwe isizidi shibiri moja kutoka ubavuni mwa mtungi. Wanaosoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya udongo wa mfinyanzi hupanda mbali mno, kisha husema mtungi haufanyi kazi.

Tukirudi kwenye chumvi, mtungi una tabia mbili zinazopingana. Kwa kuwa huuweka mchanga wa kando ya mizizi katika unyevu uleule siku zote, chumvi iliyomo haipati nafasi ya kukolea, na mimea huvumilia maji mabaya kidogo kuliko yale ambayo ingeyavumilia katika kitanda kinachokauka na kuloweshwa kwa zamu. Hata hivyo mtungi hausukumi chochote chini. Chumvi hujikusanya pembezoni mwa duara la unyevu na katika vinyweleo vyenyewe, hadi baada ya misimu kadhaa mtungi hutoa nusu ya maji uliyotoa mwanzo. Jaruba huoshwa kwa maji. Mtungi husubiri mvua ya masika ifanye kazi hiyo, na wenyewe huchimbuliwa, husuguliwa kwa brashi na kulowekwa katika maji ya mvua kabla ya kurudishwa. Kwa maji yaliyo chini ya 1.0 nachagua mtungi bila kusita. Yakipita 2.0, na mahali pana mchanga mwepesi, jaruba lina usalama zaidi, mradi kinachopandwa ni kunde au kitu kingine kigumu.

Hakuna kinachozuia kuziunganisha njia hizo mbili: mtungi mmoja katikati ya jaruba, maji ya kila siku yakitoka mtungini na maji ya kuosha chumvi yakijazwa jarubani mara moja kwa wiki mbili au tatu. Kwa bustani ndogo ya nyumbani iliyo juu ya mchanga, huo ndio mpango ninaoupendekeza kwanza.

Mipira ya matone

Umwagiliaji wa matone kwa sura yake ya kisasa ulitoka Negev, pale mhandisi Simcha Blass aliposhirikiana na kijiji cha ushirika cha Kibbutz Hatzerim mwaka 1965, na sifa zake zinajulikana: maji hufika kwenye shina tu, na tangi lililoinuliwa mita 1 linatosha kuendesha mipira midogo bila pampu. Kwa mwenye shamba la miche mingi, mitungi haihesabiki, atazika mingapi? Hapo matone hayana mshindani.

Lakini mfumo huu ukiletwa Lamu kama ulivyo, hukutana na mambo matatu. La kwanza ni mchanga. Tone likianguka juu ya mchanga hushuka moja kwa moja kama kisu, likiacha mche wa jirani katika ukavu, hivyo vitundu vya mpira viwe karibu karibu, kati ya sentimita 20 na 30, na maji yafunguliwe kwa muda mfupi mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa muda mrefu. La pili ni chokaa. Maji yaliyopita katika mawe ya matumbawe hubeba chokaa inayoganda ndani ya vitundu. Chujio huzuia mchanga lakini halizuii chokaa, kwa kuwa imeyeyuka. Dawa yake ni kupitisha siki iliyozimuliwa katika mpira, kuiacha usiku mmoja na kuisukuma nje asubuhi, kisha kufungua mwisho wa kila mpira ili uchafu utoke. Asiyependa kazi za namna hiyo atakuta nusu ya vitundu vimeziba bila yeye kujua, maana mpira ulio chini ya matandazo hauonekani.

La tatu ndilo linalowashangaza watu. Chumvi katika kitanda cha matone husukumwa hadi kwenye ukingo wa eneo lililolowa, ikakaa hapo kama pete kuzunguka kila mche. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo tu, huiyeyusha pete hiyo na kuirudisha hadi mizizini, na miche iliyopita kaskazi nzima ikiwa na afya hunyauka siku ambayo kila mtu anashangilia mvua. Kwa hiyo mwenye matone huyafungulia maji yake mvua nyepesi inapoanza, na huyaacha yatiririke mpaka mvua iwe kubwa ya kutosha kuiosha chumvi yenyewe. Jaruba halina tatizo hilo kwa kiasi hicho, na mtungi unalo kwa kiasi kidogo.

Kuna pia suala la nani yuko nyumbani. Mitungi ikijazwa hukaa siku mbili hadi tano kulingana na ukubwa wake na jua lilivyo, kwa hiyo mtu anayesafiri Mombasa kwa shughuli ya harusi anaweza kuondoka bila wasiwasi. Jaruba katika mwezi wa Februari halingoji. Matone yenye saa ya kufungulia yanangoja zaidi ya yote, ila likitokea tatizo hakuna anayeliona hadi arudi.

Vyungu

Kuhusu vyungu vya darini na vya kiwandani, nitakuwa mfupi. Vinamfaa mwenye nyumba katika mitaa ya mjini kama Mkomani au Langoni asiye na ardhi, na vina faida moja kubwa: mchanga, samadi na maji ni vya kuchagua mwenyewe, hata mtu akaweza kuvimwagilia kwa maji ya birika peke yake. Hukauka upesi kuliko kitu kingine chochote, na hukusanya chumvi upesi vilevile, kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa chungu kipitishwe maji ya mvua mara mbili ya ujazo wake mpaka yatoke chini yakiwa safi. Uzito usipuuzwe. Chungu cha lita 40 kilichojaa mchanga uliolowa hukaribia au hupita kilo 70, na dari za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko; vyungu vipangwe kandokando ya kuta, ambako boriti zimeshikwa, wala visirundikwe katikati ya chumba. Na kwa kuwa mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, dari inayovuja kwa sababu ya bustani ni aibu kubwa zaidi kuliko ya mwenye nyumba peke yake. Kiwanda cha ndani ni bora kuliko dari: kuta huleta kivuli cha asubuhi na cha jioni, na upepo wa chumvi haufiki. Neti ya kivuli inayozuia theluthi au nusu ya jua itahitajika darini, kiwandani haitahitajika.

Angalia pia rangi ya majani. Chokaa inayodondoka kutoka kutani huufanya udongo wa kiwandani uzuie madini ya chuma, na mlimau au mdimu uliopandwa hapo hugeuka manjano huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Maji zaidi hayasaidii, ingawa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu hulifanya. Mboji nyingi husaidia kiasi, na kuuhamishia mti ndani ya chungu kikubwa chenye udongo wa kutoka bara husaidia zaidi.

Cha kupanda, kwa kila njia

Uchaguzi wa njia unafuatwa na uchaguzi wa mbegu, na hapa tena maarifa ya jangwani yachujwe. Nyanya hustawi Arizona kwa wale wanaoiwahi hari, kwa sababu usiku wa huko hupoa. Lamu usiku wa kaskazi hubaki na joto, na maua ya nyanya hupukutika bila kushika tunda. Anayezitaka apange maua yatoke Julai na Agosti, katika ubaridi wa kusi, na azipe mtungi au matone yenye maji mazuri. Kunde ni mali ya jaruba, kwa maana huvumilia chumvi na majani yake ni mboga kabla maharage yake hayajakomaa. Mchicha na bamia hukubali njia zote. Vitunguu ningeviacha vitoke Malindi, hususan mashamba ya upande wa mto Sabaki, ambako udongo ulioletwa na mto ni mzito na maji yake ni matamu. Huko hata hoja yote hii hubadilika, kwa kuwa tuta ambalo nimelikataa kwa Lamu ni chaguo la busara katika udongo unaotuamisha maji.

Kwa kivuli, watu hulinganisha mtende na mnazi. Mabustani ya Oman, yale yanayonyweshwa kwa mifereji ya aflaj ambayo mitano kati yake iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, hupandwa kwa ngazi: mitende juu, ndimu na makomamanga chini yake, mboga na majani ya mifugo chini kabisa. Mpangilio huo unaigika Lamu moja kwa moja, lakini kwa mnazi mahali pa mtende. Waarabu husema mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake kiwe motoni. Mchanga wa Lamu hutoa maji ya miguuni, na chumvi yake mtende unaivumilia vizuri. Kichwani ndiko kuna upungufu, kwa kuwa hewa ya bahari ni ya unyevu na tende zikikutwa na mvua wakati wa kuiva huchacha na kuoza juu ya mti. Tena anayeotesha kokwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata dume lisilozaa, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kulijua hilo. Chipukizi la shinani mwa mti unaojulikana ndilo la kupanda, na hata hapo maua ya jike yapakwe chavua kwa mkono. Mtende mmoja kwa ajili ya sura na makuti yake ni sawa. Anayetaka mavuno apande mnazi, aache jaruba pana kuzunguka shina kwa miaka ya mwanzo, na chini ya kivuli chake aweke mdimu na mkomamanga.

Kwa maua uamuzi ni mwepesi zaidi. Bogenvilea huchukua ukuta wa nje, penye jua, upepo na maji yoyote yaliyobaki, na hudai kumwagiliwa kidogo tu baada ya mwaka wa kwanza. Asumini na mrehani haviwezi kukaa hapo. Viwekwe kiwandani, katika vyungu au kando ya mtungi uliozikwa, na vimwagiliwe maji ya birika, hata kama itabidi kunde zingoje.